Chatu Aliyeitwa Mama

Harufu ninayoikumbuka ni ya vumbi likiungua juu ya taa ya joto, imechanganyika na harufu ya maranda ya mbao. Ilitoka kwenye sanduku la kioo lililokuwa sebuleni kwetu Sparkbrook, Birmingham, na hiyo ndiyo iliyokuwa kona pekee yenye joto katika nyumba nzima. Nyumba yenyewe ilikuwa nyembamba, imebanwa katikati ya nyingine mbili, na baridi ya Novemba ilipita chini ya mlango kama mtu wa humo humo. Ukilalamika, Baba alikuwa na jibu moja: "Vaa sweta." Hita iliwashwa wageni wakija, au mtu akiugua, basi. Halafu akaja nyoka, naye akawashiwa taa mchana kutwa.

Kwanza nieleze habari za jina. Mimi ni kifungua mimba, na nilipewa jina la marehemu bibi, Atieno, mama yake Baba. Kwa desturi ya kwetu, mtoto wa namna hiyo baba yake humwita Mama. Basi tangu nipate akili nilikuwa Mama. Baba alirudi kutoka ghalani Washwood Heath miguu ikimuuma, akaketi, akasema, "Mama, hebu nipe habari za shule," nami, niliyezoea kuwajibu wazazi kwa Kiingereza kama watoto wote wa mtaani kwetu, nilimsimulia mpaka chai yake ikapoa. Wenzangu walikuwa na baiskeli. Mimi nilikuwa na neno hilo.

Chatu aliletwa ndani ya foronya. Mwingereza mmoja aliyefanya kazi na Baba alikuwa anahamia nyumba isiyoruhusu nyoka, akamwachia Baba chatu huyo pamoja na sanduku. Alikuwa jike, bado mchanga, wa ile jamii ya Australia ambayo Waingereza huiita chatu wa zulia, mabaka yake meusi na ya manjano kama yamefumwa. Mama yangu, nesi asiyetishwa na damu wala usaha, alipanda juu ya kochi. Baba akamkumbusha taratibu kwamba kwao ziwani chatu akiingia bomani hafukuzwi, kwa sababu huja na mvua na baraka.

"Baba Atieno," mama yangu akasema, bado yuko juu ya kochi, "mvua ya Birmingham haijakutosha?"

Lakini alishuka, maana hata yeye aliogopa kuwa mtu aliyefukuza baraka.

Masharti yalikuwa mengi. Aachwe juma zima bila kuguswa ili azoee. Awe na maji safi, pa kujificha, upande mmoja joto na mwingine ubaridi, na pasiwe na kelele. Nikakatazwa kuimba, nikakatazwa kukimbia ngazini. "Pole pole, ana-settle," Baba alininong'oneza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu siku ya tatu alitundikiwa leso ya mama yangu mbele ya kioo, macho ya watu yasimsumbue. Niliona wivu. Sitaupamba kwa neno lingine. Na kisha nikapata sababu hasa. Asubuhi moja nilikuwa mezani na chai yangu, Baba amenipa mgongo.

"Mama, umelala vizuri?" akauliza.

"Yeah, but I was cold," nikajibu.

Hakugeuka. Alikuwa ameinua pembe ya leso, anazungumza na chatu nyuma ya kioo.

Na huyo aliyebembelezwa hivyo hakuwa akila. Vipanya vilivyogandishwa vilikaa kwenye friza, vimefungwa mifuko miwili miwili, chini ya chapati. Baba aliyeyusha kimoja katika maji ya moto, akamning'inizia kwa koleo ndefu, naye akageuza kichwa. Baba akakosa raha, chakula chake mwenyewe akakiacha nusu. Mimi nilifurahi. Mama yangu alinitazama, akamtazama mumewe, akasema huku akisuuza sufuria, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Baba akaitikia tu, macho yakiwa sandukuni.

Jumapili moja tulipotoka kanisani alijaribu tena. Safari hii chatu alikirukia kipanya na kujiviringisha juu yake. Baba alipiga makofi kama timu yake imefunga bao. "Mama amekula! Mama amekula!" Nikapanda chumbani kwangu. Baadaye akaja mlangoni.

"Mama, ugali unapoa."

"Which one?" nikamwuliza kutoka chini ya blanketi. "Which Mama?"

Alicheka, akidhani natania. Nilikuwa nalia. Ugali niliula ukiwa umeshapoa.

Leo wazazi wangu wamestaafu, wamerudi ziwani, na chatu nimeachiwa mimi. Amekuwa mrefu kunishinda, anakula nusu ya sebule yangu hapa Hockley, na mimi ndiye ninayemyeyushia panya. Kila Jumapili Baba hupiga simu ya video, na kabla ya salamu kukamilika huuliza kama amekula, kama amejivua gamba. Na mimi, mwanamke mzima mwenye kazi yake na funguo zake, huona wivu ule ule. Nilidhani wivu wa utotoni huachwa na viatu vya utotoni. Jumapili iliyopita nilimgeuzia simu amwone chatu. Akamwita Mama, akamsifia rangi. Nilipoirudisha simu kwangu alinitazama. Hita yangu ilikuwa imezimwa. Mpaka leo mkono wangu hauwezi kuiwasha kama hakuna mgeni.

"Mama," akasema, "naona huko ni baridi. Vaa sweta."

Nikatazama sandukuni. Taa ilikuwa inawaka, naye amejikunja chini yake. Miaka yote hii, yeye hajawahi kuambiwa hivyo hata mara moja. Nikaenda nikavaa sweta.