Vifuniko Vinne vya Scholastique

Scholastique alikuwa fundi wa kushona katika kartye ya Lumumba, mtaa mmoja wa mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo. Kando ya mashine yake kulikuwa na benchi, na juu ya benchi ubao wa dame, yaani drafti, kete zikiwa vifuniko vya bia upande mmoja, vya Fanta upande mwingine. Baba yake ndiye aliyemfundisha kucheza, kule Bogoro, wakichunga ng'ombe, ubao ukiwa umechorwa chini kwa kijiti. Mteja aliyekuja kuulizia sketi yake alijikuta ameketi, anacheza, sketi imesahaulika.

Watu walipenda namna yake. Hakujilinda. Alisukuma kifuniko mdomoni mwa adui na kusema, "Kula tu, baba." Ukila kimoja, anakupa cha pili, na ukianza kujisifu, dame yake, ile kete iliyofika mwisho na kuwa kingi, imeshapita ubaoni na kufagia vitatu. Mara nyingine hesabu ilimgeuka akafagiwa yeye. Alicheka vilevile.

Mwaka 2009 wakubwa wa kartye za mji waliandaa mashindano ya timu. Vita vilikuwa vimetulia mjini, lakini bado kulikuwa na njia ambazo watu hawakupenda kupita, na majina ya vijiji yaliyotajwa kwa sauti ya chini. Walisema mchezo utawafanya watu watembeleane. Kushinda pointi tatu, nul, yaani sare, pointi moja, kushindwa sifuri. Zawadi, mbuzi.

Timu ya Lumumba iliongozwa na Liévin, muuza misumari aliyetoka Butembo, ambaye aliandika kila mechi katika daftari.

"Mama Scholastique, weye ni mukali kupita siye wote," alimwambia. "Lakini acha kugawa vifuniko. Hapa tunatafuta pointi."

Akajaribu. Katika mechi nne alishinda mbili, nul mbili, na Lumumba ikawa juu. Lakini binti yake Falone alimwona amerudi kimya.

"Mama, umeshinda. Mbona uko kama mutu ya matanga?"

"Nimechoka. Ile haikuwa kucheza, Falone. Ilikuwa kulinda shamba ya mahindi."

Mechi ya mwisho alikutana na Constant wa kartye ya Saio, mwalimu, mzaliwa wa Gety. Mtu wa Bogoro na mtu wa Gety, vijiji vilivyokuwa pande mbili za vita, kukaa benchi moja, miaka ile, halikuwa jambo dogo. Wawili wale walipeana mikono, wakaanza.

Baada ya saa nzima, dame ya Scholastique ilikuwa imeshika njia kubwa, ile inayokata ubao kona hadi kona. Angeisogeza tu huku na huko, wala hakuna ambaye angeifukuza. Ingekuwa nul, na pointi moja ilitosha kuleta mbuzi Lumumba.

Liévin aliinama. "Kaa hapo hapo, mama. Usitoke."

Ndipo alipoiona: vifuniko vinne vya kutoa, kimoja baada ya kingine, halafu dame ipite na kufagia vitano. Tangu utoto hakuwahi kuona njia kama ile. Alihesabu mara moja tu.

"Kula tu, mwalimu."

Constant alishangaa, akala. Katika dame ukipewa, lazima ule. Akala cha pili. Kwenye cha tatu alianza kucheka, maana alikuwa ameona kinachokuja. Cha nne, na dame ya Scholastique ikaondoka, tak, tak, tak, tak, tak! Uwanja ukalipuka kwa kelele.

Lakini pembeni kilikuwa kimebaki kifuniko kimoja ambacho hakukihesabu, na dame ilikuwa imesimama mbele yake. Constant aliutazama ubao, kisha akaila taratibu, kama mtu anayeomba radhi. Scholastique hakubaki na kitu.

Liévin alifunga daftari, akaenda zake bila kuaga.

"Mama," Constant alisema, "rudisha vyote. Nataka kuona tena."

Walirudisha, wakacheza tena, mara tatu, watu wa Saio na wa Lumumba wakisukumana ili waone. Jioni Falone alimuuliza, "Ulijua nul ilitosha?"

"Nilijua."

"Basi juu ya nini ukatoa vifuniko?"

"Ningeiacha ile njia, singelala. Sasa nitakosa usingizi kwa ile kifuniko ya pembeni, lakini hiyo ni kitu ingine." Wakacheka wote wawili.

Jumapili iliyofuata Constant alikuja Lumumba na mkewe Hortense. Walileta paja la yule mbuzi ambaye Saio walikuwa wameshinda, pamoja na kitenge cha kushona. Nyama ikiwa jikoni, wachezaji wawili waliutafuta ule mpango upya, hadi wakagundua kosa: angetoa kwanza kifuniko cha kushoto, kile cha pembeni kingelazimika kuondoka.

Liévin alipita, akajifanya anaulizia suruali yake. Akasimama. Akaondoka hatua mbili, akasimama tena.

"Haya," alisema mwishowe, akivuta kiti, "nionyeshe polepole."