Barabara Nyoofu ya Kumwonyesha Baba

Tiketi zilikuwa tatu, lakini mwenye safari alikuwa mmoja. Mimi na ndugu yangu tulikuwa wapambe tu. Mbio za magari hazijawahi kunihusu; nikiona gari linapita kasi barabarani namtukana dereva kimoyomoyo na kuendelea na shughuli zangu. Hata hivyo mwaka ule, tangu Januari, nilikuwa nikikaa dukani kwangu Kibomet, pembeni mwa mji wa Kitale, kati ya magunia ya mbolea na makopo ya dawa za mahindi, nikisoma kwenye simu habari za rali ya Naivasha kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Lango lipi hufunguliwa saa ngapi. Kambi ipi ina maji na ipi haina. Mtu mzima mwenye fimbo atatembea umbali gani kutoka hemani mpaka mahali pa kutazamia. Mteja mmoja aliniuliza kama nimeanza kubeti.

Sababu ilikuwa macho ya Baba.

Baba alikuwa makanika Kitale tangu kabla sijazaliwa, na Mama alipofariki akafunga gereji na kurudi bomani kwake Bungoma. Huko ndiko presha ya macho ilikomfikia, ule ugonjwa unaokula macho kuanzia pembeni, bila maumivu, hata mtu asijue anaibiwa. Kufikia wakati huo alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ukisimama mbele yake anakuona vizuri, hata kifungo kilichokatika anakitaja. Ukisogea kando hatua moja, umetoweka. Daktari alitwambia, mimi na ndugu yangu, kwamba hata kitundu hicho kilichobaki huenda kisifike Krismasi.

Siku ile tulipokuwa tukimrudisha nyumbani nilimuuliza kuna kitu gani anatamani kukiona. Nilidhani atataja wajukuu.

"Rali, mama," akasema. Huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Nataka kuona gari ikinikujia."

Zamani, magari ya mbio yalipokuwa yakipita huku kwetu, moja lilikwama topeni upande wa Saboti, na Baba alikuwa miongoni mwa vijana waliolisukuma. Lilipochomoka liliwarushia tope usoni, wote, likaenda zake. Alipomaliza kujifuta macho halikuwepo. Alibaki na mlio wake tu, na kwa mlio huo, akisimama pale barabarani, alijua wapi limekata kona, wapi limepanda mlima, wapi barabara imenyooka. Sikio hilo ndilo lililotulisha. Gerejini hakufungua injini kabla ya kuisikiliza, na mara nyingi hakuwa na haja ya kuifungua. Lakini gari lenyewe likikimbia, hakuwahi kuliona. Alitusimulia kisa hicho tukicheka utotoni, na siku ile kwenye gari niligundua kwamba yeye hakuwa akicheka.

Basi nilihitaji barabara nyoofu. Watu wengine hupenda kukaa penye kona, ambapo magari yanateleza na kurusha vumbi, au penye mto. Kwa Baba, kona ingekuwa hasara tupu. Gari lingeingia kwenye kitundu chake na kutoka kabla hajajua limekuja. Nilitaka mahali ambapo gari litatokea mbali na kumjia usoni, moja kwa moja, kwa muda mrefu. Niliangalia ramani, nikaangalia picha za miaka iliyopita, nikawasumbua madereva wa malori wanaoniletea mbolea. Mmoja wao, anayeyajua mashamba ya kule kama mfuko wake, alinieleza sehemu inayoshuka kutoka kilimani katikati ya vichaka, imenyooka kama rula, na chini yake kuna uwanja wa kupigia kambi. Nilinunua tiketi za eneo hilo siku hiyohiyo, za siku zote tatu. Tiketi zenyewe zilikuwa zimeandikwa kwamba hazirudishwi. Nilifurahi sana, na mimi si mtu wa kufurahi.

Ndugu yangu ni mwalimu Bungoma, na mwalimu wa kwetu hawezi kusafiri bila kamati. Alifungua grupu ya simu, akajipa uenyekiti, akanifanya katibu, akamtangaza Baba kuwa mlezi wa grupu ingawa simu ya Baba ni ya kubonyeza na hakuwahi kuuona ujumbe hata mmoja. Tulikuwa wanachama wawili wenye ajenda. Mimi nilitafuta hema. Nililipata kwa mwanamke wa mitumba kule Suam, la kijani, la watu watatu, naye akaniapia kwamba nguzo zote zimo. Ndugu yangu, kwa upande wake, aliamua kwamba mzee hawezi kukaa juani siku tatu, na kwamba chakula cha kambini lazima kipikwe kama chakula. Kwa hiyo akaazima hema jingine kanisani, jeupe, kubwa. Akaazima viti vya plastiki na sufuria mbili, zile ambazo mtu anaweza kuogeshea mtoto.

"Utabeba hivi na nini?" nikamuuliza.

"Kamati italiangalia."

Jumamosi, wiki moja kabla ya safari, nilishuka Bungoma ili tufanye mazoezi ya kusimamisha hema. Langu la kijani lilikosa nguzo mbili, kama nilivyotarajia. Ndugu yangu alinicheka na kulisimamisha lake jeupe katikati ya boma, tukapanga viti chini yake tuone vingapi vitatosha, tukaweka sufuria kando. Mimi mwenyewe nilifunga kamba za upande wa barabara. Baba alikuwa ndani kitandani; nilikuwa nimemtilia dawa ya matone, na alitakiwa kufumba macho na kutulia.

Hapo ndipo kwetu, sisi wawili. Tunajua kwamba kwetu hema jeupe likisimama bomani, na harusi haijatangazwa, kuna jambo moja tu. Tunajua na viti hivyo ni vya nini, na sufuria hizo. Lakini kwa miezi mitatu kichwa changu kilikuwa Naivasha, na nilipokuwa nikivuta zile kamba niliona kambi.

Jirani aliyekuwa akienda kusaga alipita na debe lake la mahindi kichwani. Alilitua chini, akashika kichwa, akapiga kelele ambayo hadi leo naisikia. Kabla hatujamfikia, kelele ya pili ilijibu kutoka boma la chini, na ya tatu ng'ambo ya kijito. Nilikimbia langoni nikipunga mikono, "Hapana! Hapana!" Nao wakaona mtoto wa marehemu anayekataa kukubali, wakalia zaidi. Walikuja mbio, wanawake wamejifunga leso kiunoni, wanaume wamevua kofia. Mbele yao alikuwa shangazi yetu, dada ya Baba, tunayemwita Senge, bila viatu.

"Wuui, ndugu yangu! Umeniachia nani!"

Baba akatoka. Alisimama mlangoni akiwa na fulana ya ndani, dawa ya macho bado inamtiririka mashavuni.

"Nani amekufa?"

Akaanza kugeuza kichwa polepole, akitafuta kwa kile kitundu chake, uso mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeangaliwa aliinamisha macho. Alilipata hema. Alivipata viti. Mwisho akampata dada yake.

"Dada, ni nani?"

Senge akakaa chini kwenye mchanga.

Tulicheka baadaye, sitasema hatukucheka. Viti vilikuwepo, watu wakakaa. Sufuria zilikuwepo, tukapika. Baba alikaa katikati akiwauliza nani alilia sana na nani alikuja kwa ajili ya ugali. Nilijua siku hiyo kwamba wanampenda, na nilijiambia limepita. Kisha Senge akasimama na bakuli lake mkononi.

"Mtu ameliliwa akiwa hai, hawezi toka hii boma ati anaenda kuangaria rari," akasema. "Atakaa. Mpaka watu wamalize kupanda na mvua itulie. Si mnajua?"

Mimi sikujua. Sikuwahi kusikia jambo kama hilo, na hadi leo sina hakika kama ni mila au lilizaliwa palepale kwenye bakuli. Lakini wazee wawili walitikisa kichwa, na wakishatikisa wawili, imekwisha.

"Senge, mnamzika mtu anakula?" nikamwambia.

Hapo nilikosea, na nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo. Mtu hamjibu shangazi yake hivyo mbele ya kijiji. Hakuna aliyenikemea. Walinitazama tu, na mimi, kwa hasira, nikaenda kuzifungua kamba.

Jioni hiyo, wageni walipokwisha kuondoka, Baba aliniita nikae mbele yake, mahali anaponiona.

"Mama, mimi sitaenda."

Nilianza kubishana. Aliinua mkono.

"Si eti naogopa hiyo maneno ya Senge yako. Lakini nikipatwa na kitu huko, hata malaria tu, hawa watu watasema ni wewe uliniua. Mimi nitakuwa nimekufa, sina shida. Wewe ndio utabaki na wao." Akaushusha mkono. "Nyinyi enda. Muniangalilie."

Nililia usiku kucha kwa uchungu na kwa ubaya wa roho. Nilimchukia Senge, nikamchukia mwenye debe, nikamchukia ndugu yangu na kamati yake. Nilijichukia mimi zaidi. Ningezitupa tiketi chooni, ila Baba aliuliza kila siku kama tumeshafungasha.

Tulienda. Mvua ilitupokea Naivasha na haikutuacha. Hema la kijani, kwa nguzo za mwanzi alizochonga ndugu yangu, liliinama upande mmoja. Tulilala na viatu. Langoni tulifungwa mikanda ya karatasi mkononi, na wa tatu nilipewa mkononi bila kufungwa, nikautia mfukoni. Kulikuwa na watu wengi, muziki, nyama choma, vijana wamejipaka rangi. Mimi na ndugu yangu tulikunywa chai kimya kama watu waliokuja kuchukua maiti.

Ijumaa, mvua ilipopumzika, tulitembea mpaka mahali pangu. Palikuwa hatua chache kutoka kambini, kama nilivyopanga. Mzee mwenye fimbo angefika bila kupumzika. Nilimpigia Baba.

"Baba, inakaribia. Sikiliza."

Nikainua simu juu.

Gari lilitokea kileleni. Halikuzunguka popote, halikujificha nyuma ya kichaka. Lilishuka likitujia, dogo kwanza, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi, taa zote zinawaka, katikati kabisa ya macho yangu. Nilifumba jicho moja na kukunja ngumi nikachungulia ndani yake kama bomba. Halikutoka. Lilikaa mle ndani ya ngumi yangu, muda wote, mpaka likatupita na kutumwagia tope.

Angeliona. Hakuna kitu kingine nilichofikiria, wakati huo na siku zote mbili zilizobaki. Nilikuwa nimelipata lile eneo, na nilikuwa nimepata sawasawa, na angeliona lote.

Nilipokumbuka simu, ilikuwa imekatika.

Tulirudi Bungoma Jumatatu. Baba alikuwa amekaa kibarazani, na nilipomsalimia nilimwona akigeuza kichwa mara tatu kabla ya kunipata. Ndugu yangu alipitiliza ndani na mizigo. Yeye, mwenyekiti mzima, akaniachia mimi kazi ya kusimulia. Nikaketi mbele ya Baba. Aliuliza kuhusu mvua, kuhusu hema, kama watu walikuwa wengi. Nikamjibu. Kisha akauliza lile nililokuwa nikiliogopa njia nzima.

"Na ile mahali yako? Ilikuwa nyoofu vile ulisema?"

Nilikuwa nimeshalipanga jibu tangu Nakuru.

"Wapi, Baba! Yule dereva wa lori alinidanganya. Kona tupu. Gari linatokea, linapotea. Hata ungekuja, hungeona kitu."

Baba aliweka kichwa upande, vile alivyokuwa akikiweka gerejini juu ya injini ya mtu, na hapo ndipo nilipokumbuka ile simu niliyoinua juu, na ule mlio mmoja usiokatika, usiobadilisha gia, ukishuka kutoka kileleni mpaka usoni petu.

"Kona tupu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Akanyoosha mkono, akanitafuta, akanishika kiganja.

"Sawa, mama. Basi sikukosa kitu," akasema, na akaniomba nimtilie dawa ya macho.