Nipe Ile Isiyobebeka

Katika nyumba ile, kitu chochote ambacho mtu mmoja aliweza kukiinua hakikuwa mali ya wenye nyumba. Kilikuwa mali ya ukoo. Pasi iliishi kwa wifi, nyumbani ikija kutembea tu. Ngazi ilikuwa kwa jirani tangu alipopaka rangi dari yake, na rangi yenyewe imeshaanza kubanduka. Sufuria kubwa ilizunguka kwenye shughuli za watu ambao Mama Chapa hakuwahi hata kuwasalimia. Naye mumewe akijigamba mbele za watu, "Kwangu hakuna kunyimana!" Ni rahisi kusema hivyo kama hujawahi, hata siku moja, kutafuta pasi ya kunyooshea shati lako ukaikosa. Shati lake yeye hulikuta limenyooka, likining'inia. Aliyekwenda kuiomba pasi yake mwenyewe kwa wifi, kwa kubembeleza, ni Mama Chapa.

Mama Chapa si jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa na mawakili wa ofisi moja alikopiga chapa maisha yake yote ya kazi: mgongo wima, vidole kumi, macho kwenye karatasi wala si kwenye mashine. Karatasi aliiegemeza kushoto. Chai hakuiruhusu kukaribia meza. Mtu akithubutu kukalia kiti chake, hata awe wakili mwenye ofisi, aliambiwa ainuke, na aliinuka. Halafu akastaafu, akarudi nyumbani mchana kweupe, akatazama sebule yake kwa utulivu kwa mara ya kwanza. Mume ana kiti chake mbele ya televisheni. Vyombo vya wageni vina kabati lao. Hata viatu vina rafu yao pale mlangoni. Yeye hana pa kukaa. Ana pa kusimama tu, jikoni. Jambo hilo lilimkata maini, na hakumwambia mtu.

Kazi ndiyo iliyomfuata. Wakili mmoja mzee, aliyekuwa bosi wake, alikuwa ameandika kumbukumbu zake kwa mkono, mwandiko ambao hata yeye mwenyewe aliusoma kwa kubahatisha. Mama Chapa aliuzoea. "Nipigie sura ya kwanza," wakili alimwambia. "Ikitoka kwa wakati kama zamani, kitabu kizima ni chako." Mama Chapa alirudi nyumbani akitembea kama msichana. Jioni hiyo, familia ikiwa sebuleni, alitangaza kwamba anataka kompyuta ya mezani.

Binti yake, mfanyakazi wa benki, alishika kichwa. "Mama jamani! Ya mezani tena? Chukua laptopu. Nyepesi, unaifunga, unaitia kabatini, haichukui nafasi."

"Mimi nataka inayochukua nafasi."

Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, mshereheshaji wa harusi ambaye kila jioni alikuwa pale sahani zikipangwa, alipiga paja kwa kicheko. Mama Chapa hakuwa ametania hata kidogo.

"Fikiria," mumewe alisema, kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi. "Ukiwa na laptopu utapiga kazi zako hata jikoni. Sufuria iko motoni, wewe unaandika."

Hebu msikilizeni huyo! Mkewe anatafuta njia ya kutoka jikoni, yeye anamletea kazi ya ofisini aifanyie humo humo, na anangoja kushukuriwa.

Dukani, shemeji naye akiwa ameandamana nao, mambo yakawa yale yale. Muuzaji, kijana mwenye mdomo wa asali, alizungumza na mume kana kwamba Mama Chapa ni mzigo waliokuja nao. "Mzee, mama ataipenda hii. Anaibeba popote."

"Mimi siendi popote," alisema Mama Chapa.

"Na umeme ukikatika, mama? Hii ina betri yake."

"Ukikatika nitapumzika. Nataka kioo kipana, macho yangu si ya jana. Nataka kibodi inayokaa sawa na viwiko vyangu. Kikiharibika kitu kimoja, nibadilishe hicho hicho, nisitupe mashine nzima." Alitaka kuongeza, "Na haiondoki nyumbani," lakini shemeji alikuwa amesimama pale pale akipapasa laptopu, akameza maneno yake. Hilo alikuja kulijutia.

Kwa vile pesa zilitoka kwa mume na binti, uamuzi nao ukawa wao. Alinunuliwa laptopu, ikafungwa kwa utepe, wakapiga picha. Katika picha ile wote wanacheka isipokuwa mwenye zawadi.

Alipiga sura ya kwanza akiwa jikoni, laptopu mapajani, shingo imepinda, karatasi za wakili akiziegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Akitaka kusogea mezani, meza ilikuwa imepangwa sahani. Akitaka sebuleni, kulikuwa na mpira. Mgongo uliokaa wima miaka yote ile ulimuuma mpaka machozi. Lakini alimaliza, akasoma, akarekebisha. Alibakiza kuipeleka kwa mpiga chapa wa dukani itolewe kwenye karatasi. Aliifunga laptopu, akaitia kabatini, akalala na roho nyeupe.

Asubuhi yake, siku ambayo wakili angepita mwenyewe kuchukua, alifungua kabati. Laptopu haikuwepo. Waya wake haukuwepo. Hata flashi aliyokuwa amehifadhia kazi, kwa kuwa aliiacha imechomekwa ubavuni, ilikuwa imekwenda nayo.

"Baba watoto, kompyuta yangu iko wapi?"

"Dogo kaichukua alfajiri," mumewe alisema, macho kwenye televisheni. "Ana harusi ya mbali, anataka kupigia muziki. Ataileta kesho, keshokutwa."

"Na kazi ya wakili?"

"Si imo ndani? Haitaoza."

Alimpigia shemeji simu mpaka kidole kikachoka. Simu haikupatikana. Na wakili, ambaye maisha yake yote hakujua kuchelewa, akabisha hodi na fimbo yake, akavua kofia, akakaa kwenye ncha ya kochi. Mama Chapa akasimama mbele yake mikono mitupu. Mwanamke ambaye hakuwahi kutoa karatasi yenye kosa alilazimika kufungua kinywa na kusema, "Mheshimiwa, kazi yako imekwenda harusini."

"Mashine za siku hizi zina miguu, mheshimiwa!" mumewe alidakia, akacheka peke yake.

Wakili hakucheka. "Mama Chapa," alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma, "miaka yote ile hukuwahi kuningojesha." Aliomba karatasi zake zote, hata za sura zilizobaki alizokuwa amekwisha kumwachia, akazibana kwapani na kwenda zake. Mama Chapa alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

Laptopu ilirudi baada ya harusi kwisha na mabaki yake kuliwa. Ilinuka soda. Herufi A ilikuwa imenata, haishuki wala haipandi. Sasa niambieni, utaandika nini katika lugha hii bila A?

"Shemeji, ilipiga kazi hiyo!" alisema shemeji huku akiketi mezani. "Watu walicheza mpaka basi. Hiyo herufi utaifuta na kitambaa."

Mama Chapa aliweka chini mwiko. Damu ilikuwa imempanda kichwani, lakini sauti yake ilitoka kavu, ile ya ofisini. "Baba watoto, kila siku unasema kwako hakuna kunyimana. Umetoa pasi, nikaenda kuifuata mimi. Umetoa ngazi, nikapanda juu ya stuli, nikaanguka mimi. Sasa umetoa kazi yangu. Ukarimu ni wako, anayeulipia ni mimi."

"Mbona unakuza mambo? Kompyuta si imerudi?"

"Kompyuta imerudi. Wakili hajarudi."

 Shemeji aliendelea kula, maana huyo hata paa likianguka atamaliza kwanza kilichomo sahanini.

Siku iliyofuata Mama Chapa alikwenda dukani peke yake, na akiba yake kidogo mkobani. Alimwekea muuzaji laptopu yenye soda juu ya kaunta. "Hii ichukue kwa bei unayoona ina haki. Niongeze kiasi gani unipe ya mezani? Ile nzito kuliko zote."

"Mama, kompyuta haipimwi kwa kilo," kijana alisema akitabasamu.

"Kwangu inapimwa. Na safari hii zungumza na mimi, maana nimekuja na mimi mwenyewe."

Tabasamu likamtoka. Alitoa sipiyu kubwa iliyotumika lakini nzima, kioo kipana, kibodi yenye vitufe vinavyosikika vikibonyezwa. Mama Chapa aliijaribu kwa vidole kumi, macho yakiwa ukutani, na wateja wengine wakageuka kutazama. Kisha alisimamia mpaka sura ya kwanza ilipohamishwa kutoka kwenye laptopu, ikatolewa kwenye karatasi hapo hapo. Mzigo ulikwenda nyumbani kwa mkokoteni.

Sebuleni palikuwa na mahali pamoja tu pazuri: karibu na dirisha, soketi ukutani, mwanga kutoka kushoto. Kiti cha mumewe kilikuwa hapo. Alikisukuma mpaka barazani, taratibu, akikisimamisha kila alipochoka. Akaleta meza, akaleta kiti cha mbao, akachomeka nyaya moja moja.

Mumewe alirudi, akasimama katikati ya sebule kama mgeni. "Kiti changu kiko wapi?"

"Barazani."

"Nani kakitoa?"

"Mimi. Nilikuta kinabebeka."

Aliitazama ile meza, akamtazama mkewe aliyekwisha kaa mgongo wima. Alitoka akaketi barazani. Televisheni aliisikiliza kupitia dirisha.

Kwa wakili alikwenda mwenyewe na sura ya kwanza mkononi. Mzee aliisoma yote mbele yake, akatikisa kichwa. "Nusu ya kitabu nimeshampa mwingine. Nimetoa neno, siwezi kuirudisha." Nusu iliyobaki alimkabidhi. Mama Chapa aliipokea, akashukuru, lakini mpaka leo akipita mbele ya duka inakopigwa ile nusu nyingine, kifua kinamwaka moto. Ile ilikuwa yake. Iliuzwa kwa muziki wa harusi ya watu asiowajua.

Shemeji alitokea jioni moja, mbio mbio kama kawaida, nje gari linamngoja. "Shemeji, nina shughuli wikiendi hii. Naomba ile kompyuta."

"Ichukue," alisema Mama Chapa bila kugeuka, vidole vikiendelea kukimbia.

Shemeji alisogea. Aliitazama sipiyu sakafuni, akakitazama kioo, akainama chini ya meza kuona nyaya zinaanzia wapi na kuishia wapi. Alijaribu kuisogeza sipiyu kwa mguu, haikusogea. Akanyooka, akajikuna kisogo.

"Basi nitakaa hapa hapa nichague nyimbo zangu mara moja."

"Kiti ni kimoja, shemeji," alisema Mama Chapa, akafungua ukurasa mwingine. "Na kina mtu."