Bunduki Iliyonukia Karafuu

Bunduki mbili zililala juu ya mkeka wangu mchana kutwa, na mimi sikuruhusiwa hata kuufagia. Mume wangu alizichukua kwa muuzaji mmoja wa Matrah, bandari ya jirani, azijaribu, kisha arudishe moja. Ya kwanza kitako chake kilikuwa cha mti, chekundu kilichokoza, kimelainishwa na mashavu ya watu nisiowajua. Ya pili ilikuwa ya Kimarekani, kitako cha plastiki ya kahawia, imeletwa na mtu aliyekuwa akifanya kazi Kuwait. Ukoo mzima ulikuja kuiangalia hiyo ya plastiki. Mimi niliigonga kwa kidole ikalia kama beseni.

"Ikishindwa kuua paa," nikasema, "n'tafulia nguo."

Binamu ya mume wangu hakucheka. Huyu alizaliwa hapa Maskati, ila ujana wake aliupitisha Unguja dukani kwa ami yake, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa chetu, na maneno ya kuniudhi aliyajua yote.

"Shemeji, acha mzaha. Mti hapa haufai, wallahi. Pwani unavimba, ukiupeleka mabondeni unakauka, unajipinda, risasi inakwenda upande. Plastiki haijui joto wala umande. Tena nyepesi."

"Na roho haina."

"Paa hapigwi kwa roho."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonikera. Mume wangu aliinua ile ya mti, akaiweka shavuni, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka binamu yake akakohoa.

"Hii," akasema. Ile ya plastiki akainunua binamu yake.

Halikuwa jambo dogo kwa mume wangu. Kila msimu wa baridi wanaume wa ukoo walikwenda kuwinda paa kwenye mabonde ya nyuma ya milima. Aliyempiga paa ndiye aliyegawa nyama, sahani moja kwa kila nyumba ya jamaa, na mtu aliyetoa sahani alisogezewa mto barazani na kuulizwa shauri watoto wa ukoo wakiposwa. Sisi tuliokuja kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne tulikuwa watu wa kupokea. Babu yake mume wangu kazikwa huku, lakini yeye alizaliwa Unguja, na Kiarabu chake kiliwachekesha hata watoto. Aliniambia, si mara moja, kwamba hataki kitu ila kutoa sahani moja. Kila alipolisema hilo alitazama pembeni.

Joto lilipokuja, mti ukapasuka. Ufa mwembamba ulianzia shingoni mwa bunduki ukateremka, na yeye akaniletea mikononi kama anayeleta mgonjwa. Mimi niliyeicheka plastiki sikuwa na budi kutafuta dawa. Niliponda karafuu, nikazichemsha kwa moto mdogo ndani ya mafuta ya ufuta, nikachuja. Nyumbani kwetu Unguja kila kilicho cha mti tulikipaka hivyo, makasha, vitanda, hata mlango.

Tangu kushuka melini nilikuwa sina usingizi. Usiku nilifumba macho kwa adabu tu, na baada ya adhuhuri, mji wote ulipolala kwa joto, nilikuwa nikiusikiliza unavyolala. Nilikonda, nikawa mkali, nikawa naweka chumvi mara mbili chunguni.

Siku ile ya mafuta mume wangu alikaa kando ya mkeka wangu na bunduki mapajani, akachovya kitambaa, akaanza kupaka. Alikwenda polepole, akirudi pale pale. Harufu ikainuka ikajaza chumba. Ukuta wa mbele yangu ukawa uwanja wa nyumba ya mama, majamvi yametandikwa, karafuu zinaanikwa, na mtu anazigeuza kwa miguu. Nikaona ni miguu yangu. Karafuu zilikuwa na joto baina ya vidole. Mtu akaniita kutoka jikoni, nikasema naja, lakini nikaendelea kuzigeuza, na jua halikusogea.

Nilipofumbua macho alasiri ilikuwa imepita. Hakwenda msikitini, alikuwa ameswali pale pale miguuni pangu, na kitambaa kiko kando yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniamsha. Akasema alikuwa anauguza ufa.

Basi ikawa kila siku baada ya chakula anauguza ufa, nami nalala. Nilidhani nimeanza kuuzoea mji.

Msimu wa baridi ukafika, wakaenda kuwinda, mume wangu akarudi mikono mitupu. Binamu yake ndiye aliyetuhadithia, huku anajipiga mapaja.

"Tumelala kifudifudi, hakuna anayepumua. Upepo ukageuka kidogo tu. Paa kanyanyua pua, kanusa, kakimbia na wenzake wote. Kadhani biriani inamfuata!"

Tangu hapo wakamwita mume wangu mwenye karafuu. Alicheka nao, na kicheko chake nilikiamini mpaka sahani ya nyama ilipoletwa kutoka kwa binamu, aliyempiga paa mwingine baadaye. Hakuigusa.

Mwaka uliofuata seremala akauzungushia ule ufa bamba la shaba, ukatulia kabisa. Mume wangu hakuacha kupaka. Siku moja kabla ya safari ya kuwinda nilikuwa nimejilaza nyuma ya pazia, macho nimeyafumba, usingizi uko karibu, nikamsikia binamu yake akiingia.

"Ufa umeshazibwa. Unapaka nini tena, yakhe?"

Kitambaa kiliendelea kwenda na kurudi.

"Chukua hii yangu ya plastiki. Kesho utangulie wewe. Sahani moja tu, khalas, imekwisha, watu wafunge midomo."

Nilitaka aichukue. Naapa nilitaka, nilifungua mdomo nimwambie achukue.

"Sema taratibu," akasema mume wangu. "Kalala."

"Nani?"

"Shemeji yako. Harufu hii ikiwapo, analala. Nikiiacha, halali. N'meshajaribu."

"Basi kesho iache hiyo ya mti hapa nyumbani."

"Si bunduki inayonuka, yakhe. Ni mie. Mikono, kanzu, ndevu. Hata nikichukua yako, paa atanijua."

"Acha kupaka wiki moja. Oga, badili nguo. Wiki moja tu, upate paa wako."

Nikamsikia mume wangu akichovya kitambaa tena.

"Na wiki hiyo, yeye alale vipi?"

Mimi nilibaki nyuma ya pazia, shuka nimeliuma, nampenda mtu yule hata kifua kinaniuma, na sikuthubutu kusogea asije akajua kuwa niko macho na kazi yake imepotea bure.

Alfajiri aliondoka na bunduki yake ya mti. Nilisikia harufu ya karafuu ikishuka ngazi pamoja naye, ikatoka mlangoni, ikaingia kichochoroni walikokuwa wakimsubiri, nikajua kwamba jioni tutapokea tena sahani ya watu. Nikajifunika shuka, nikalala.