Chujio la Mkebe na Mkono wa Nkambo

Wakati wetu, Noeli ilianza na majivu. Kabla ya nguo mpya, kabla ya kuku kuchinjwa, ilikuwepo siku nzima ya kusugua. Nyinyi mliokua Kasongo pamoja nami mnaikumbuka: sufuria zote zimemwagwa uani, mikono ya wasichana inachubuka kwa mchanga, kuta zinapakwa udongo mweupe mpaka nyumba inanukia kama ardhi baada ya mvua. Mama alipita nyuma yetu ameshika kiuno. "Noeli iko inakuja, sitaki kuona uchafu hata kamoja!" Watoto wa siku hizi wakiosha sahani mbili wanalalamika mgongo. Sisi tulisugua hata makopo ambayo hakuna mgeni angeyaona, na mimi nilikuwa bingwa wa kazi hiyo.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko mingine yote, nyumbani kwetu kulikuwa na samaki hai. Nkambo, mama yake baba, alikuwa ameletwa kutoka Nyangwe baada ya miguu yake kukataa. Maisha yake yote alikuwa ameyapitisha kando ya Lualaba, akikausha samaki kwa moshi na kuwauza, na sasa alikaa kwenye kiti barazani kwetu, mbali na mto, akitazama baiskeli zikipita na magunia ya mchele. Hakulalamika, ila alikula kidogo na kusema kidogo zaidi. Baba alikuwa seremala, fundi wa madirisha. Akachukua vioo vilivyobaki kazini, akavishikanisha kwa mastiki, akatengeneza sanduku la kuweka maji, kisha akaagiza kutoka Nyangwe visamaki vidogo vya kijivu vyenye mstari mweusi ubavuni. Majirani walicheka sana. Waliuliza kama tunawanenepesha na siku gani tutawakaanga.

Chujio alilitengeneza kwa namna ileile tuliyochuja maji ya kunywa. Alitoboa mkebe wa maziwa kwa msumari, akaujaza makaa na mchanga, akauning'iniza juu ya sanduku. Kazi yangu, asubuhi kabla ya shule na jioni kabla ya kula, ilikuwa kuteka maji ya chini kwa kikombe na kuyamimina ndani ya mkebe, yadondoke polepole na kurudi kwa samaki. Sikuhitaji kukumbushwa, kwa sababu Nkambo aliisikiliza ile sauti ya matone. Nikichelewa aliuliza, "Mutoto, maji iko inatembea?" Maji yakitembea, alisogeza kiti, akakunja kitenge, akatia mkono wake wa kulia ndani ya sanduku. Samaki walikuja kumgusa vidole. Alikaa hivyo hata saa nzima, na ni wakati huo tu nilipomsikia akiimba nyimbo za mtoni. Nilimpenda sana Nkambo.

Basi ile siku ya kusugua ilipofika, nilitaka na yeye apate Noeli safi. Nilishusha mkebe. Ndani ulikuwa na utelezi wa kahawia, na nikaona aibu, nikajiuliza tumewezaje kumwekea Nkambo uchafu kama huu. Nilimwaga mchanga na makaa, nikaviosha kwa sabuni, nikavimwagia maji ya moto, nikausugua mkebe kwa majivu mpaka ukang'aa. Nikasuuza kila kitu mara tano ili sabuni isibaki. Halafu nikabadilisha maji yote ya sanduku kwa maji ya chemchemi. Mama alinisifu mbele ya watu.

Siku ya Noeli samaki walikuwa wazima. Tulikula wali na kuku na sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa mawese, tukaimba kanisani mpaka sauti zikakauka. Siku ya tatu walianza kupanda juu, wakitweta midomo wazi. Siku ya nne niliwaokota, wote tisa.

Kila mtu alitafuta sababu. Mkebe haukutajwa hata kidogo, kwani nani angelaumu kitu safi namna ile? Baba alifikiri muda mrefu, kisha akachuchumaa mbele ya kiti cha mama yake. Alisema kwa upole, nami nilikuwepo. "Mama, ni mukono. Munashika tumbaku, munashika mafuta, kisha munatia mu maji. Musiguse tena, nawaomba."

Nkambo aliutazama mkono wake, akaugeuza, akautazama tena. "Nimesikia, papa," alimjibu, akimwita mwanawe baba kama desturi yetu. "Sitagusa tena."

Baba alileta samaki wengine, kwanza wawili, kisha watano. Nilikuwa nimekufa moyo na sikuusugua tena ule mkebe. Utelezi ukarudi, samaki wakaishi, na nyumba nzima ikakubali kwamba kweli ulikuwa mkono wa Nkambo. Aliwatazama kupitia kioo tu, mikono yote miwili imelala mapajani. Hakuimba tena. Alifariki kabla ya Noeli iliyofuata.

Mwaka huu baba, ambaye sasa ni mzee na anakaa kwangu, alianza kushinda kwenye kiti barazani akitazama njia, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Nikaamua kumwekea samaki sebuleni. Binti yangu Furaha alichagua chujio kwenye simu, na bila shaka alitaka lile lenye taa za rangi tatu, kubwa kama redio ya kanisa. Nilimwambia sanduku letu ni dogo, mkondo wa namna hiyo utawapeperusha visamaki ukutani kutwa nzima. Lile la kuning'inia nyuma linataka umeme usiokatika, nanyi mnajua umeme wetu. Mwishowe tukachukua la sifongo, lenye pampu ndogo ya hewa inayoendeshwa na batri ya jua. Lilifika kwa pikipiki ya mfanyabiashara anayepita njia ya Salamabila, limefungwa kwenye karatasi ya maelezo ya Kifaransa, na Furaha akanisomea jikoni nikichambua mchele.

"Mama, wanasema tusioshe na sabuni. Ule utelezi wa ndani ndio iko inasafisha maji. Mukiutoa wote, samaki wanakufa kisha ya siku mbili tatu."

Nilimwomba asome tena. Alisoma tena, na mchele ukanimwagikia miguuni. Miaka yote hiyo, na samaki niliwaua mimi, kwa sabuni na mapenzi.

Kwa siku nne sikusema kitu. Kumwambia baba kungekuwa kumwonyesha kwamba alimnyima mama yake mto kwa mara ya pili, bila kosa. Kunyamaza kungemwacha Nkambo na lile kosa, na yeye hayupo wa kujitetea. Siku ya tano, samaki wakiwa wameshazoea maji, nilichuchumaa mbele ya kiti cha baba nikamweleza yote, kuanzia mkebe.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Alinitii papo hapo. Hakuuliza hata kwa nini."

Enzi zetu maji yalitembea kwa mkono wa mtoto, kikombe kwa kikombe, na mtu alikuwa akiyasubiri. Siku hizi pampu inatembeza yenyewe mchana kutwa, haichoki, na hakuna anayeniuliza kama nimeteka. Ni vizuri, sikatai. Lakini ningeitoa pampu hiyo leo hii niulizwe tena lile swali kutoka barazani.

Kesho yake asubuhi Furaha alinijia mbio. "Mama, Nkambo mwanaume ametia mukono mu maji ya samaki! Nimukataze?"

Nilitoka kutazama. Baba alikuwa amekunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, macho ameyafumba, na samaki walikuwa wameanza kumsogelea vidole.

"Usimukataze," nilimwambia. "Umuletee kiti."