Punda Watatu wa Mama Ian

Jua halijachomoza vizuri juu ya migomba ya Kenyenya, na Gladys Mong'ina ameshafunga mitungi ya maji migongoni mwa punda wake wawili. Wa tatu hana mzigo. Anachechemea katikati, na kila akibaki nyuma, wenzake wanasimama kumngoja.

Jirani aliye kando ya njia anacheka. "Mama Ian, huyo unamtembeza kama mgeni?"

"Huyo asipokuja, hawa hawatoki nyumbani," Gladys anamjibu bila kupunguza mwendo.

Tangu mumewe afariki, Gladys, mwenye umri wa miaka 46, amekuwa akiishi kwa jasho la punda. Hubeba maji na ndizi kutoka mabondeni, ambako pikipiki huteleza na gari halifiki. Kila punda humletea shilingi mia moja na hamsini kwa safari moja, na hapo ndipo karo ya mwanawe Ian hutoka.

Anayechechemea ni Sista. Alinunuliwa pamoja na dume aitwaye Kamanda, wote wakiwa wadogo. Bahati, punda wa tatu, ni mwana wa Sista.

"Sista na Kamanda wamekua wakikunana shingo," anasema Gladys. "Ukimpeleka mmoja mtoni peke yake, anageuka nyuma njia nzima."

Masaibu yalianza alasiri moja ya mvua kubwa. Walikuwa wakipanda kutoka mtoni, juu ya mashimo ya udongo wa matofali, njia ilipokatika chini ya kwato za Sista. Aliporomoka hadi kwenye shimo lililojaa tope, akazama hadi tumboni, mitungi ikiwa bado mgongoni.

Gladys alilala kifudifudi, akaikata kamba ya mitungi kwa kisu. Kamanda na Bahati walikuwa wamekuja hadi ukingoni, wakiinamisha vichwa kumtazama mwenzao.

Nyakundi, fundi matofali aliyelichimba shimo hilo, alifika mbio na wenzake watatu wakiwa na kamba na mbao. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye udongo.

"Ufa ulikuwa unafunguka nikiuona," anasema. "Hao wawili wangebaki pale, ukingo wote ungetuangukia."

Gladys alichukua fimbo. Hakuwahi kumpiga Kamanda, lakini siku hiyo alimchapa hadi akasogea, akawafunga wote wawili ndani ya shamba la migomba, mahali wasipoonekana.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sista, aliyekuwa ametulia, alianza kulia na kurusha kichwa huku na huku. Kila aliporuka alizama zaidi. Kamba ilichomoka mara mbili. Tope lilipofika shingoni, mmoja wa mafundi alishika nyundo.

"Mama Ian, tumpumzishe tu. Anateseka."

"Yaya! Hapana!" Gladys alipiga kelele, kwanza kwa lugha ya kwao.

Nyakundi alikuwa juu ya ubao, tope likimfika magotini, Kamanda alipolia kutoka kule migombani. Aliona masikio ya Sista yakigeuka kuifuata sauti.

"Mrudishe yule dume!" aliita. "Si hapo juu. Mpitishe chini, upande wa mto, kwenye mwamba. Amwone!"

Gladys alikimbia, akaanguka, akainuka. Alilivuta fundo kwa vidole na meno. "Nilijua nikichelewa nitakuta masikio tu," anasema. Kamba ilipofunguka, Kamanda ndiye aliyemburuta yeye. Alisimama kwenye mwamba, akashusha kichwa, akalia mara moja.

Sista akanyamaza. Pumzi zake zikapungua kasi, akaacha kurukaruka. Nyakundi alipata nafasi ya kuzamisha mikono na kuipitisha kamba nyuma ya miguu ya mbele. Wakavuta kuelekea alikosimama Kamanda, kidogo kidogo. Ghafla kipande cha ukingo wa juu kikaporomoka, palepale punda wawili walipokuwa wamesimama awali. Tope likamfika Nyakundi kifuani. Hakuiachia kamba.

Sista alipotolewa, alilala kwenye mwamba bila nguvu. Kamanda aliweka pua yake juu ya shingo ya mwenzake na hakuiondoa hadi Sista aliposimama.

Jethro, daktari wa mifugo, alisema mfupa haukuvunjika, ila mshipa wa mguu wa nyuma umeumia. Huenda Sista asibebe mzigo tena. Haukupita muda, mnunuzi wa punda wa kuchinjwa alibisha hodi.

"Sitakudanganya kwamba sikufikiria kumuuza," anasema Gladys. "Karo ilikuwa mlangoni."

Kesho yake alijaribu kwenda kazini bila Sista. Kamanda aligoma langoni, akalala chini na mitungi yake. Gladys alipomfungulia Sista, Kamanda aliinuka mwenyewe. Mnunuzi aliporudi, alikuta lango limefungwa.

Kwa sasa Gladys na Nyakundi wanazungushia mashimo yale ua wa miti, wakikimbizana na mvua za Machi. Gladys ana mpango mwingine pia: kuwakusanya wenye punda wa bonde hilo katika kundi moja, ili mnyama wa mmoja akikwama, wote waje na kamba zao.

Wengine bado wanajiuliza. Wa kwanza kukubali ni Nyakundi, ambaye hana punda hata mmoja.