Siku Mtani Aliponyamaza

Maji ya kutu yakichemka ndani ya injini hunuka kama damu. Nilikuwa mtoto wa kushika pindo la kanga, lakini harufu ile niliitambua mara moja, maana tangu alfajiri nilikuwa nimeivuta chumbani kwa mama. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, na Bibi Somoe, mkunga aliyepokea nusu ya kijiji chetu cha Nambilanje, alisema bila kuzungusha: "Huyu hatoki kwa mikono yangu. Apelekwe hospitali Nachingwea, au tuchimbe makaburi mawili." Mjomba akakimbia kuazima gari dogo la mizigo la mwenye duka, kuukuu, milango imefungwa kwa kamba. Dereva wake alikuwa Kosmasi, Mngoni wa Songea.

Wangoni na sisi Wamwera ni watani. Babu zao waliwachoma babu zetu kwa mikuki. Sisi wajukuu tukabaki kutukanana na kuzikana. Kosmasi alianza hata kabla gari halijaondoka. "Wewe Mmwera, umejaza mihogo tumboni mpaka mtoto hapati njia!" Mama, amelala nyuma kwenye mkeka kati yangu na Bibi Somoe, alijibu meno yamebana: "Endesha, mjukuu wa wezi wa mbuzi."

Tulipoipita Ruangwa, mvuke ukafumka mbele kama chungu kilichofunuliwa. Kosmasi akasimama, akafungua boneti, akatikisa feni kwa mkono. Ikacheza kama jino bovu. "Pampu ya maji imekufa," akasema. Chini ya kiti alikuwa na nyingine, aliyoifungua kwenye injini iliyotupwa kule mashamba ya karanga waliyoyaacha Wazungu. Lakini injini ikiwa na moto wake haiguswi. Wahenga walisema subira yavuta heri; wahenga hawakukaa kando ya barabara na mzazi anayeuma kanga. Tulingoja, jua likitukaanga. Kisha akalegeza mkanda, akatoa feni, akaanza kufungua boliti na kunitupia mapajani moja moja. Ya mwisho ikakataa. Kutu ilikuwa imeila. Akaimwagia mafuta, akaigonga, akavuta spana mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Ikikatika hii," alisema, "ndiyo tumelala hapa."

Baada ya hapo akanyamaza. Hakuitukana injini, hakututukana sisi. Nilimtazama Bibi Somoe, naye akatazama vichaka. Mtani akiacha utani, ujue moyoni ameshaanza kuzika. Mama naye alijua. Akainua kichwa, sauti imekauka: "Mngoni! Babu zako walikuja kwetu na mikuki, leo wewe unashindwa na kijiti cha chuma?"

"Tunza nguvu, mwanangu," Bibi Somoe akamsihi.

"Sitaki! Mwambieni anipe hiyo spana, nitazaa huku nafungua!"

Kosmasi akacheka mpaka spana ikamponyoka. Akafuta jasho, akaishika upya, akavuta taratibu. Boliti ikalia, ikageuka. Akakata gasketi ya kuzuia maji yasivuje kwenye karatasi ngumu ya boksi la sabuni, akaipaka grisi, akafunga pampu ile nyingine. Yakabaki maji ya kujaza, na Bibi Somoe alikuwa amekikumbatia kibuyu chake. "Haya ni ya kumwogeshea mtoto."

"Gari lisipokunywa, bibi, mtoto ataogeshwa kwa ulimi wa fisi."

Bibi Somoe akamkabidhi kibuyu. Nachingwea tulifika mama akiwa bado anapumua. Wakampasua, mdogo wangu akatoka analia. Mjomba alimpa jina la Salumu. Kosmasi, mpaka anaingia kaburini, alimwita Boliti.

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kujifungua. Gari jipya, ndani baridi kama mtungini, na dereva kijana mwenye adabu tele: shikamoo bibi, funga mkanda bibi, halafu kimya. Kimya kile kilinitia hofu. Nikamuuliza, "Baba, wewe kabila gani?" Akanitazama kwenye kioo, akatabasamu. "Mimi Mtanzania tu, bibi." Jibu zuri, tena tulilipigania. Lakini njia nzima mjukuu wangu aliguna kwa uchungu, nami nimekaa pale na mdomo wangu wote, sina wa kumtukana.